Gunia Moja, Namba Mbili

Programu hii ya duka mmeiona. Imo kwenye kaunta ya agroveti moja ya Karatina ninakonunua chakula cha ng'ombe, na kwa jinsi skrini zinavyofanana nikishuka Othaya au nikipanda Nanyuki, aliyeiunda hakosi wateja. Simtaji. Wala sielezi maana ya stoki, risiti na eTIMS, maana mwenye duka anayesoma safu hii alishayameza hayo yote, mengine kwa machozi. Nina neno moja: gunia na kilo vimetenganishwa, na aliyevitenganisha alikosea.

Chukueni siku ya soko, saa nne asubuhi. Mama anataka kilo 5 za chakula cha ng'ombe wa maziwa. Karani anashika kisu, anakata uzi wa gunia jipya la kilo 70, anachota, anapima, anaingiza kwenye mashine: chakula cha ng'ombe, kilo, 5. Risiti inatoka, mama anaenda zake. Safi kabisa, sivyo?

Rudisheni picha nyuma. Isimamisheni pale kisu kinapogusa uzi. Hapo ndipo mchezo ulipopotea. Wakati huo huo duka limepungukiwa na gunia moja zima na kupata kilo 70 za kupima, na programu haina habari. Haina habari kwa sababu mwundaji aliamua kwamba gunia ni bidhaa moja na kilo ni bidhaa nyingine, kila moja na namba yake, kila moja na idadi yake, kama watu wawili waliokutana matatuni. Ili hesabu ziende sawa, karani amwache mteja, afungue ukurasa wa "Rekebisha idadi", afute 14 kwenye magunia aandike 13, kisha aende kwenye kilo aongeze 70. Siku ya soko! Foleni imefika mlangoni, na nyuma yake kuna mzee anayetaka dawa ya kupe sasa hivi kwa sababu gari la Mweiga linaondoka.

Hakuna karani atakayefanya hivyo. Nisingefanya mimi.

Jioni moja nilikuta matokeo yake. Skrini ilisema magunia 14 na kilo hasi 193. Stoo ilikuwa na magunia 11 yaliyofungwa na moja lililo wazi. Tuliweka hilo la wazi kwenye mizani: kilo 17. Magunia matatu ni kilo 210. Toa 193, zinabaki 17. Hapakupungua hata punje. Lakini mwenye duka hakuanza na mizani. Alianza na skrini, akaona magunia matatu hayapo, akamgeukia msichana wa kaunta. "Guka," msichana akaniambia baadaye, "mimi sijaiba. Hii mashine haijui gunia hufunguliwa."

Sentensi hiyo ndiyo uchambuzi wangu wote, na aliyeisema analipwa kidogo kuliko aliyeiunda mashine.

Nilimuuliza mwundaji kwa nini. Jibu lake lilikuwa eTIMS, na ni jibu la nusu ukweli. Mfumo ule wa KRA, ulioanza kuenea mwaka 2023 na kupata meno Januari 2024 pale gharama isiyo na ankara yake ilipoacha kukubaliwa kwenye hesabu za kodi, unataka kila bidhaa isajiliwe kwa namba. Namba hiyo inaunganishwa kwa vipande: herufi mbili za nchi bidhaa ilikotoka, tarakimu ya aina yake, herufi za kifungashio, herufi za kipimo, halafu namba ya mfuatano. Kipimo kimo ndani ya jina. Gunia likiwa kilo, jina linabadilika. Kwa ankara ya ushuru hilo si dhambi kubwa (nina maneno yangu juu yake, si ya leo). Ankara ni picha ya mara moja: kiliuzwa nini, kwa kipimo gani, tarehe gani. Kosa ni la kijana wetu, aliyeitwaa namba ya mtoza ushuru akaifanya mfupa wa duka. Namba ya kubandika kwenye ankara mlangoni ameiingiza mpaka stoo, ikaanza kuamua gunia ni nini.

Akanitupia hoja ya pili, kwamba gunia zima na kilo za kupima zina bei tofauti, kwa hiyo lazima ziwe bidhaa mbili. Hapana. Bei ni ya kipimo. Chakula ni kile kile, ng'ombe hajui kimetoka gunia lipi. Andika bidhaa mara moja, hesabu stoki yake kwa kilo, kisha weka jedwali dogo pembeni: gunia ni 70, mkebe wa kasuku ni 2, kilo ni 1, na kila mstari ubebe bei yake na namba yake ya eTIMS. Karani akiuza gunia, stoki inapungua 70. Akiuza kasuku, inapungua 2. Kisu kikikata uzi hakuna kinachobadilika, kwa sababu kweli hakuna kilichobadilika. ERPNext, programu huria ambayo mtu yeyote aweza kuichukua bure, ina jedwali la vipimo la namna hiyo tayari. Halihitaji kuvumbuliwa. Linahitaji kunakiliwa.

Na huku Nyeri hatukupaswa kufundishwa hili na kompyuta. Tazameni kahawa. Mzigo wa chama cha ushirika ukifika kinuni hupewa namba yenye wiki ya msimu, alama ya kinu na mfuatano. Nayo imejaa maana, lakini maana ya mambo yaliyokwisha kutukia: wiki haitarudi nyuma, kinu hakitageuka kuwa kingine. AA na AB hazimo ndani yake. Gredi huja baada ya kukobolewa, inaandikwa kando. Makumbusho nayo huandika mwaka kitu kilipopokelewa ndani ya namba yake, na mwaka huo hautoki. Waliopanga namba hizo walijua kutenga kisichobadilika na kinachobadilika. Kifungashio cha agroveti hubadilika kwa kisu cha shilingi hamsini.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua ninakoelekea: kadi ya S3, ile ya hesabu ya stoo. Niruhusuni. Mtunza stoo wa shule niliyosoma alikuwa na sanduku la kadi hizo, na maharagwe yakiingia kwa hati ya kupokelea, S13, aliandika kilo 90 kwa kila gunia, hakuandika "gunia 1". Kwake gunia lilikuwa nguo. Jikoni wakichukua kilo 40 kwa hati ya kutolea, S11, kadi ilipungua 40, salio likaandikwa pembeni. Alipokosea hakufuta. Alipiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, akatia sahihi. Salio lake lilitokana na safari zote za kuingia na kutoka, na ukitaka kujua kwa nini leo zimebaki 215 unapanda kadi mstari kwa mstari mpaka Januari.

Sasa kiwekeni kitufe cha "Rekebisha idadi" kando ya kadi hiyo. Kinafuta namba na kuandika nyingine. Nani alifuta, lini, kwa sababu gani: kimya. Yule mtunza stoo angefukuzwa kazi kwa kutumia raba. Sisi raba tumeiuza kama huduma, kwa malipo ya kila mwezi. Hata chakula kinachomwagika na kinachopungua uzito kwa kukauka kinastahili mstari wake wa upungufu, ili mwenye duka aone kama ni kilo moja kwa wiki au ishirini.

Nitasema na la lumbesa, kwa sababu ni ugonjwa huo huo. Kwa miaka mingi mkulima wa viazi huku juu aliuza "gunia", na gunia likaota nundu ya wavu juu yake mpaka kanuni za viazi za 2019 zikasema kilo 50, basi. Kifungashio kikigeuka kipimo, mwenye nguvu hukinyoosha. Programu inayohesabu gunia bila kuuliza kilo ngapi inampa lumbesa kiti ndani ya kompyuta.

Na wale wanaoniandikia kwamba jedwali la Excel linatosha: mimi nina santuri zangu, za Joseph Kamaru na wengine, na niliziorodhesha humo. Namba zilizoanza na sifuri zikanyolewa sifuri zao, na zenye kistari zikageuzwa tarehe. Si mimi peke yangu. Mwaka 2020 wataalamu wa majina ya jeni za binadamu walitangaza kwamba SEPT1 imekuwa SEPTIN1, kwa sababu jedwali liliisoma kama Septemba. Wanasayansi walibadilisha jina la jeni ili kulinusuru na Excel. Msinirudie.

Kwa haki, mengine ya programu hii ni mazuri: inauza hata intaneti ikikatika, na inaonya dawa za mifugo zinapokaribia kuharibika.

Nilimchorea mwundaji lile jedwali nyuma ya risiti, mistari mitatu. Aliipiga picha kwa simu, akasema atalifikiria. Wiki iliyopita toleo jipya lilifika Karatina. Kitufe cha "Rekebisha" sasa ni cha kijani, na kimehamishiwa ukurasa wa mbele.