Kabati la Manukato Linavyopangwa na Kostiki

Anayeanza kutengeneza sabuni au mishumaa nyumbani hununua manukato kwa pua. Anafungua kizibo, ananusa, anapenda, analipa. Haupiti muda kabati limejaa: karafuu ya Pemba, mchaichai, langilangi ya Komoro, vanila ya dukani, oudi kutoka Dubai, na pafyumu za matunda zenye majina matamu. Kisha anazipanga kwa harufu, maua huku na viungo kule, mpangilio unaopendeza macho lakini siku ya kazi haumwambii lolote. Chupa mbili zinazonukia karibu sawa zaweza kuachana kabisa zikitiwa kwenye sabuni: moja ikatulia, nyingine ikagandisha sufuria nzima kabla hujaifikisha kwenye kalibu.

Watengenezaji wazoefu huijaribu chupa kwanza, ndipo wakaipa nafasi kabatini. Njia yao haina gharama kubwa: sufuria moja ya sabuni isiyopikwa, vikombe kadhaa, na harufu tofauti katika kila kikombe. Tuichambue.

Chukua gramu 500 za mafuta: 200 ya nazi, 150 ya mawese, 150 ya alizeti. Gramu moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 0.183 za kostiki (sodiamu haidroksaidi) ili igeuke sabuni, mawese 0.142, alizeti karibu 0.135. Jumla inakuja gramu 78. Punguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki huru na sabuni isichubue, utabaki na gramu 74. Kostiki hutiwa ndani ya maji, gramu 150 hivi, kamwe si maji juu ya kostiki. Sufuria ya aluminiamu, ambayo ndiyo imejaa majikoni kwetu, haifai, kwa sababu kostiki huila na kutoa gesi ya haidrojeni. Miwani na glavu zivaliwe tangu mwanzo.

Joto la pwani hapa linasaidia. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Dar es Salaam na Unguja huwa maji karibu mwaka mzima. Arusha mwezi wa Julai itakubidi uyapashe. Changanya kwa blenda ya mkono mpaka mafuta na kostiki viungane, viwe uji mwepesi, kisha zima blenda. Ukiendelea mpaka mchanganyiko uwe mzito, hutajua tena ulioganda umegandishwa na manukato au na blenda. Gawa katika vikombe vitano vya gramu 145 hivi kila kimoja, ambavyo ndani yake mna gramu 100 za mafuta. Vinne vitie manukato, gramu 3 kila kimoja, isipokuwa karafuu ambayo hutiwa gramu 1 tu. Cha tano kiache kama kilivyo. Wapo wanaokiona hicho cha tano kuwa hasara. Kwangu mimi ndicho cha lazima kuliko vyote, maana bila hicho huwezi kusema rangi au ukavu uliouona umeletwa na nini.

Na upime kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Kuhesabu matone ni kujidanganya, kwa kuwa tone la mafuta mazito na tone la mafuta mepesi hayalingani uzito, wala matone ya dropa mbili tofauti.

Sasa karafuu. Mafuta yake huja kwa namna tatu: ya karafuu zenyewe, ya majani, na ya makonyo, yaani vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Kiwanda cha Makonyo kilichopo Wawi, Pemba, mali ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ndiko yanakotoka mengi ya mafuta haya tunayoyaona hapa kwetu. Kilicho kingi ndani ya yote matatu ni yujenoli. Katika makonyo huweza kupita asilimia 90. Katika karafuu zenyewe huwa pungufu, lakini pamo pia yujenili asetati, na hiyo ndiyo inayoyapa mafuta ya karafuu ule ulaini na utamu ambao mafuta ya makonyo hayana.

Yujenoli ni asidi dhaifu. Ikikutana na kostiki hugeuka chumvi, na chumvi hiyo hupatana na maji na mafuta kwa pamoja, ikaharakisha kuungana kwavyo. Ndiyo maana kikombe cha karafuu huanza kuwa kizito wakati vingine bado vinamiminika, na ukichelewa unajikuta umeshika kijiko kilichokwama. Kuna jambo la pili ambalo mara nyingi halitajwi: gramu moja ya yujenoli inaweza kumeza hadi gramu 0.24 za kostiki. Katika kilo moja ya mafuta yenye gramu 10 za yujenoli, hiyo ni gramu 2.4 za kostiki zilizokuwa zimepangiwa kazi nyingine, zinazotosha kugeuza sabuni gramu 13 za mafuta ya nazi. Ziongeze juu ya ile asilimia 5 uliyokwisha kuiacha. Sabuni haitaharibika, ila itakuwa laini kuliko ulivyopiga hesabu, na fundi asiyejua sababu atawalaumu waliomuuzia mawese.

Jambo la tatu ndilo linalogusa mfuko. Ile yujenili asetati ni esta, na esta za namna hiyo huvunjwa na kostiki mbichi bila shida, zikarudi kuwa yujenoli. Kwa maneno mengine, ukitia mafuta ghali ya karafuu kwenye sabuni, sehemu kubwa ya tofauti uliyoilipia hupotea humo humo ndani ya sufuria. Kwenye sabuni mafuta ya makonyo yanatosha. Ya karafuu zenyewe yawekee mshumaa, ambao hauna kostiki.

Kuhusu ile gramu moja: yujenoli ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuamsha mzio wa ngozi, na mimi sizidishi asilimia 1 ya uzito wa mafuta. Ukitaka kutuliza kasi yake, fanya kazi na mchanganyiko uliopoa hadi nyuzi 35 hivi, ongeza alizeti na upunguze nazi na mawese, na uchanganye karafuu kwa mchapo wa mkono mwishoni kabisa, kalibu ikiwa tayari pembeni. Sabuni za mwani zinazotengenezwa na vikundi vya wanawake Unguja hutiwa sana viungo hivi, karafuu na mdalasini, na mdalasini nao una haraka zake.

Vanila ni kisa kingine. Kikombe chake hutulia vizuri, hakina papara, na siku ya kwanza sabuni hutoka nyeupe sawa na kile kikombe kisicho na kitu. Baada ya siku kadhaa pembe huanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa, kisha kipande kizima kikawa kahawia. Ni vanilini, kiini cha harufu ya vanila, inayobadilika ikikutana na hewa ndani ya kitu chenye ukali wa sabuni. Wauzaji makini huandika kiasi cha vanilini kwa asilimia; ikizidi 5, tarajia kahawia iliyokolea. Asiyejua hili hupoteza fedha kwenye rangi za waridi na buluu ambazo zitamezwa mwezi huo huo. Anayejua hutengeneza sabuni ya kahawa. (Kwa wapenda historia ya karafuu: kabla vanilini haijaanza kutolewa kwenye masalia ya viwanda vya karatasi, ya viwandani ilikuwa ikitengenezwa kwa yujenoli ya mafuta ya karafuu. Chupa hizi mbili za kabatini zina undugu.)

Langilangi ina esta nyingi, hasa benzili asetati, na hilo tayari linakuambia yatakayotokea. Sehemu ile ya juu, ile inayofanana na asumini, hupungua. Inayobaki ni ile nzito ya chini. Mafuta ya langilangi huuzwa kwa madaraja, kuanzia yale yanayotoka mwanzo kabisa wa ukenekaji, yaitwayo ekstra, hadi daraja la tatu. Ekstra ndiyo yenye esta nyingi na bei kubwa. Kwa sabuni nunua daraja la tatu bila kuona haya. Kanuni hiyo hiyo inaeleza kwa nini pafyumu nyingi za ndizi na mananasi hunukia dukani kisha zikafifia kwenye sabuni: harufu za matunda karibu zote zimejengwa kwa esta.

Mchaichai hauna matata. Sitrali yake hustahimili kuliko harufu nyingine za jamii ya limau, huacha rangi ya njano kidogo, na wengi huuchanganya na mafuta ya chungwa ili harufu ya chungwa isitoweke haraka.

Vikombe hivi vinuse mara tatu: kesho yake, baada ya wiki, na baada ya wiki nne hadi sita sabuni ikishakauka. Ya kesho yake isikudanganye, kwa sababu harufu ya kostiki na mafuta mabichi bado ipo. Andika kila mara, hata kama huoni cha kuandika.

Kwenye mishumaa kabati hilo hilo linapangwa upya. Nta haina kostiki, kwa hiyo esta zinasalimika: ndizi iliyoshindwa kwenye sabuni inaweza kufana hapa, na langilangi ekstra inastahili bei yake. Vanilini haikutani na ukali wa kostiki, ila huweza kuipa nta unjano ikikaa kwenye mwanga. Matatizo ya mshumaa ni mengine: kama manukato yanaungana na nta, na kama utambi unaweza kuyachoma.

Parafini huchukua kwa kawaida asilimia 3 hadi 6 ya manukato, nta ya soya hadi 10 kutegemea aina. Ukizidisha, mshumaa hutoa jasho la mafuta juu, utambi huziba, mwali hufifia na kutoa moshi. Katika joto la Dar es Salaam jasho hilo huonekana mapema zaidi, hasa kwa nta laini za soya zinazoyeyuka karibu na nyuzi 50. Nta ya nyuki, ile ya Tabora kwa mfano, huhimili mpaka nyuzi 62 na zaidi, lakini ina harufu yake yenyewe inayopigana na manukato mepesi. Ipe karafuu au mdalasini, vinaelewana. Na jaribio la mshumaa halikamiliki kwa kuunusa ukiwa umezimika. Kuna unaonukia kabatini na kunyamaza ukiwashwa, na mara nyingi wa kulaumiwa ni utambi mwembamba usioyeyusha nta ya kutosha.

Chupa nyingi huandikwa nyuzijoto za kushika moto. Mafuta ya chungwa, kwa sababu ya limonini iliyomo, huwa karibu na nyuzi 48, na wapo wanaodai kuwa ukiyatia kwenye nta yenye joto zaidi ya hapo harufu yote itaruka. Kiwango hicho kinahusu mvuke wake kuweza kuwaka ukikutana na cheche, hasa wakati wa kusafirisha na kuhifadhi. Harufu huvukiza hata kwenye joto la chumbani. Tia manukato kwenye nta iliyoyeyuka vizuri, koroga kwa dakika mbili, mimina. Cheche ndiyo ya kuogopwa: nta iyeyushwe katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, na jiko lizimwe kabla ya kufungua chupa.

Attari na oudi za madukani Darajani au Kariakoo ndizo zinazowashawishi wengi, nami nazipenda mwilini. Tatizo ni kilichozibeba. Za bei nafuu mara nyingi huyeyushwa katika glikoli, ambayo haipatani na nta. Utaiona imetuama chini kama matone baada ya mshumaa kuganda. Jaribu kwa kijiko kimoja cha nta kabla ya kuharibu kilo. Pafyumu za kupuliza zenye spiriti ziache kabisa: kwenye sabuni spiriti huharakisha kuganda, na kwenye nta ya moto ni hatari.

Muuzaji wa maana hutoa pia cheti kinachofuata viwango vya IFRA, chama cha kimataifa cha watengenezaji manukato kilichoanzishwa 1973. Soma kundi la 9 kwa sabuni na la 12 kwa mishumaa. Namba iliyopo ni kikomo cha usalama, haisemi kiasi gani kitanukia vizuri. Tarehe ya cheti ina uzito wake. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku liliali, kiungo cha harufu za maua, katika vipodozi kuanzia Machi 1, 2022, harufu nyingi za maua zilibidi ziundwe upya, nyingine zikibaki na majina yale yale. Kwa hiyo chupa ya 2020 na ya leo zenye lebo moja zinaweza kuwa vitu viwili. Mwenye daftari ataandika mwaka na namba ya toleo.

Chupa ziwe za kioo cheusi, mbali na jua, na zisiwe nusu tupu kwa muda mrefu, maana hewa iliyomo ndiyo inayozichakaza; hamishia kwenye chupa ndogo. Mpira wa dropa usiachwe juu ya karafuu wala limau, utalainika. Vikombe vya povu usivitumie kabisa, limonini huviyeyusha. Mafuta ya jamii ya chungwa yaliyofunguliwa zaidi ya mwaka, yakianza kutoa harufu ya vanishi, yaondoe kwenye upande wa sabuni: limonini iliyochakaa kwa hewa huamsha mzio. Yanayobaki yafaa kung'olea gundi ya lebo kwenye chupa tupu, ukiwa umevaa glavu.