Injini Mpya, Fomula Zilezile

Mjamzito anapofika kliniki Mnazi Mmoja, jirani na Kariakoo, muuguzi huandika umri wa mimba kwenye kitabu cha MTUHA, mfumo wa taarifa wa vituo vya afya. Mwisho wa mwezi hesabu huingia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na washirika wake, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Humo kiashiria hulinganisha walioanza kliniki kabla ya wiki 12 na wote walioanza, kwa fomula mbili: ya kiasi na ya asili.

Fomula hizo zina lugha yake. Kila takwimu hutajwa kwa kitambulisho cha herufi na tarakimu 11, ndani ya mabano yanayotanguliwa na alama ya reli.

Kwa miaka mingi mfumo uliisoma lugha hii kwa kutafuta ruwaza: unakiona kitambulisho, unaweka namba mahali pake, kisha maktaba ya hesabu inakokotoa. Kwa kujumlisha na kugawanya, inatosha. Sharti likiwekwa ndani ya sharti, ruwaza hazimudu mabano yaliyomo ndani ya mabano.

Mtu angeweza kuendelea kuweka viraka, au kuleta lugha kamili kama JavaScript. Lakini DHIS2 lazima ijue, kabla ya kukokotoa, takwimu zipi zichotwe kwenye hifadhidata. Lugha isiyo na mipaka huficha jibu hilo, tena huruhusu programu ya mgeni kuendeshwa ndani ya seva.

Mwaka 2019 wasanifu walichagua njia ya tatu: sarufi rasmi, na kichanganuzi kilichozalishwa kwa zana iitwayo ANTLR. Fomula sasa hugeuzwa mti, na mti huohuo hupitiwa kwa kazi mbalimbali: kuorodhesha takwimu zinazohitajika, kukokotoa, kutunga hoja za SQL kwa hifadhidata, kueleza fomula kwa maneno ya kawaida. Fomula za zamani kwa jumla ziliendelea kusomeka.

Huo ndio uamuzi ninaoutetea. Kinyume chake, Python 3 ilitoka mwaka 2008 ikiwa na sintaksia iliyovunja programu za zamani; Python 2 iliendelea kuhudumiwa hadi 2020. Fomula zilizokwisha kuandikwa ni kazi ya maofisa takwimu wa wizara na wilaya, na ripoti zao haziwezi kusubiri. Anayepima kukarabati au kubadilisha lugha ya ndani ya mfumo wake aanze kwa kuzikusanya fomula zote zinazotumika, azifanye jaribio la injini mpya, na asiizime ya zamani hadi majibu ya zote yalingane.