Neno "Athari" na Sanamu za Shaba

Wauzaji wa sanaa za kale wana maelezo wanayoyarudia: "Buddha wa shaba, kazi ya kale, yenye athari ya Khmer." Katika makala haya ninahakiki maelezo hayo. Hoja yangu ni kwamba yanataja mtindo na kuficha mahali, na kwamba sisi tunaosoma Kiswahili Arua na Koboko tuna sababu ya kuyapinga.

Kwanza tuyape haki yake. Dola ya Khmer, yenye makao Angkor katika Kambodia ya leo, ilitawala pia sehemu kubwa ya nchi iitwayo sasa Thailand. Mafundi wa zama hizo walimsubu Buddha akiwa ameketi juu ya nyoka aliyejikunja, vichwa vya nyoka vikimkinga kama mwavuli. Uso ni mpana, nyusi karibu zimenyooka, midomo ni minene. Fundi alianza na umbo la nta, akalifunika kwa udongo, akalichoma hadi nta ikatoka, kisha akamimina shaba iliyochanganywa na bati. Anayezijua alama hizo anaweza kusema "Khmer" bila kubahatisha.

Tatizo la kwanza ni neno "athari" lenyewe. Linachukua mpaka wa leo na kuurudisha nyuma miaka mia nane. Hekalu la Phimai liko Thailand, lakini waliolijenga hawakuwa wakiiga jirani. Walikuwa ndani ya dola moja. Mtu wa Koboko anaelewa jambo hili upesi. Wakakwa wanaishi Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Nani kati yetu atasema kigoda cha Mkakwa wa Kongo kina "athari ya Uganda"? Mpaka ndio uliowakuta watu.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Mwaka 1964 sanamu nyingi za shaba za Kibuddha zilifukuliwa katika hekalu la Plai Bat, mkoa wa Buriram, Thailand, zikauzwa ng'ambo. Kwa miaka mingi makumbusho yaliziita kwa jina la Prakhon Chai, si la hekalu zilimotoka. Mtindo wao ulichambuliwa vizuri sana huku shimo walimochimbuliwa likisahauliwa. Mfanyabiashara Douglas Latchford alishtakiwa New York mwaka 2019 kwa magendo ya sanaa za Khmer, akafariki mwaka 2020 kabla ya kuhukumiwa. Desemba 2023 Metropolitan Museum of Art ilitangaza kurudisha kazi 14 Kambodia na 2 Thailand, zote zikihusishwa naye. Kazi hizo zilikuwa na maelezo ya mtindo. Kilichokosekana ni swali: nani aliitoa, na kwa ruhusa ya nani?

Swali hilo ni letu pia. Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilirudisha vitu 39 katika Makumbusho ya Uganda, Kampala, lakini kwa mkopo. Kichwa cha udongo cha Luzira, kilichofukuliwa mwaka 1929, bado kiko British Museum.

Wapo wenzangu watakaosema: sanamu ni sanamu, tena dini zetu zinazikataa, basi zituhusu nini? Nawajibu kwa mfano wa nyumbani. Walugbara wa zamani waliweka mawe madogo uani kwa ajili ya wahenga. Ukiling'oa jiwe lile na kuliweka katika kabati la kioo, limebaki jiwe. Maana yake ilikuwa katika ule ua, mbele ya mlango ule, kwa ukoo ule. Mkristo au Mwislamu haombi mbele yake, lakini anajua ua ni wa nani. Kuheshimu mahali si kuabudu.

Kwa hiyo napendekeza kipimo kwa mhakiki yeyote wa Kiswahili. Kabla ya kusifu tabasamu la Buddha, aandike mambo manne: kilitengenezwa wapi, kilisimama wapi, kiliondoka lini, kwa mkono wa nani. Jibu likikosekana, aandike kwamba limekosekana. Neno "athari" lisitumike kuziba pengo hilo, kwa sababu siku kitu cha West Nile kitakapotajwa katika orodha ya mnada, ndilo neno watakaloanza nalo.