Kurasa Alizozitupa Hemingway

Miongoni mwa nasaha ambazo mtunzi wa riwaya amepata kumpa mwenziwe, na taathira yake ikaweza kupimwa ukurasa kwa ukurasa, siijui iliyo bora kuliko ile ambayo F. Scott Fitzgerald alimwandikia Ernest Hemingway mnamo Juni 1926, walipokuwa wote wawili Juan-les-Pins, pwani ya kusini ya Ufaransa. Mswada wa riwaya ya Hemingway, The Sun Also Rises, ulikuwa umekwisha pelekwa New York tangu Aprili, kwa Maxwell Perkins, mhariri wa wachapishaji Scribner's, na Fitzgerald akapewa nakala asome. Na ijapokuwa wangaliweza kuzungumza uso kwa uso, alihiari kalamu, nadhani kwa kuwa haya ya kutazamana hupunguza ukweli wa maneno.

Riwaya ilianza kwa masimulizi marefu juu ya maisha yaliyopita ya Lady Brett Ashley na mchumba wake Mike, kisha msimulizi, Jake, akajieleza nafsi yake, yote kwa mzaha mzito wa mtu atakaye aonekane hajali. Fitzgerald hakuishia kusema kwamba mwanzo ni dhaifu, kauli isiyomfaa mwandishi kitu. Alitaja kurasa, akanukuu maneno yaliyomkera, akaonyesha palipo na kejeli isiyo na kazi, kisha akabainisha kuwa hadithi ilianza kumpendeza kwenye ukurasa wa 30. Wala hakujitia kumtungia mwenziwe mwanzo mwingine, tabia ambayo huharibu ushauri mwingi wa waandishi.

Dawa aliyoitoa ilikuwa ndogo kuliko maradhi: maneno 7,500 ya mwanzo huo yapunguzwe yawe 5,000, si kwa kuparuzaparuza bali kwa kuondoa vipande vibovu vizima vizima. Hemingway akazidi. Alimwandikia Perkins kwamba kitabu kianze na Robert Cohn, mhusika mwingine wa riwaya, akatupa takriban kurasa 15 zilizotangulia, na kilichomwezesha kufanya hivyo bila ya kutia kiraka ni kwamba yale ya lazima katika habari za Brett na Mike yalikwisha tawanyika katika sura za mbele, ambako msomaji huyaokota kidogo kidogo, kama mgeni asikiavyo habari za mtaa barazani. Fitzgerald alijua wapi msomaji huchoka. Ni Hemingway peke yake aliyejua sehemu iliyobaki ya kitabu inabeba nini.

Kitabu kilitoka Oktoba 1926. Shukrani haikuwa nyingi: mwaka 1929, Fitzgerald alipotoa maoni juu ya riwaya nyingine ya Hemingway, A Farewell to Arms, Hemingway aliandika tusi chini ya karatasi ya maoni hayo, na katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa 1964 baada ya kufa kwake, akadai kwamba ile riwaya ya 1926 ilikuwa imekwisha katwa na kupelekwa kabla Fitzgerald hajaiona. Kuhusu kupelekwa alisema kweli. Kuhusu kukatwa, barua ipo na kurasa zilizoondolewa zipo, na insafu yataka sehemu ya sifa za mwanzo ule apewe Fitzgerald.