Kadenge na Mpira

Joe Kadenge alifariki Nairobi tarehe 7 Julai 2019, na Kenya nzima ikamlilia mshambuliaji ambaye wengi hawakuwahi kumwona akicheza. Hasa huku Lamu ndivyo ilivyokuwa. Enzi zake zilikuwa za redio, na aliyewafikishia watu miguu ya Kadenge hadi visiwani ni mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mtoto wa Freretown, Mombasa, kupitia Sauti ya Kenya: "Kadenge na mpira... Kadenge na mpira... Kadenge na mpira..."

Maneno yale yalikuwa taarifa kamili. Mtangazaji wa mpira hutaja jina la aliye nao, na mpira ukihama, jina nalo huhama. Jina moja likirudiwa mara tatu, msikilizaji aliyeinamia redio anajua kwamba mpira haujatoka kwa mtu yule, na kwamba kuna beki aliyekuja akaachwa, pengine na wa pili pia. Mbotela hakuwa na haja ya kueleza chenga. Alilishikilia jina kwa muda uleule ambao mwenye jina aliushikilia mpira.

Na kuushikilia mpira ni kazi. Anayetaka kuiona hatua kwa hatua na ashuke pwani ya Shela, Lamu, alasiri, maji yakiwa yametoka na mchanga bado mgumu, vijana wanapocheza peku. Amtazame winga peke yake, awaache wengine.

Kabla mpira haujamfikia, winga hugeuza shingo mara moja aone beki yuko umbali gani. Mpira ukija, haukimbilii. Huufungulia mwili, akaupokea kwa upande wa ndani wa mguu ulio mbali na beki, kifundo kikiwa kimelegea ili kasi yote iishie hapo. Mchezaji asiyejua hukaza mguu, na mpira humruka. Huyu mpira wake unatua nusu hatua mbele ya vidole, basi.

Kisha anasimama, na hapa ndipo ustadi ulipo. Beki aliyesimama sawa kwa miguu yote miwili hapitiki, hata uwe na mbio za namna gani. Ni lazima ungoje aegemee upande, kama nahodha anayengoja maji yajae ndipo apitishe jahazi mkondo wa Mkanda. Winga hatazami mpira wala macho ya beki, anatazama magoti. Bega lake la kushoto linashuka kidogo, kiuno kinafuata, mpira haujaguswa bado. Beki anahamishia uzito wake upande ule, na mguu uliobeba uzito hauwezi kunyanyuka upesi. Hapo tu ndipo upande wa nje wa mguu wa kulia unausukuma mpira, kidogo, kwenda upande wa pili. Mguso wa pili hukata njia ya beki kwa mbele, asiweze kumfukuza bila kumkwatua. Halafu kichwa juu, kutafuta mwenzake golini, na krosi.

Yote hayo huisha kabla hujavuta pumzi mbili. Ila zaidi ya nusu ya muda wenyewe ni kusubiri, na kusubiri huko hakufundishiki kwa maneno.

Kadenge, aliyezaliwa 1935, alisubiri hivyo katika mazingira magumu zaidi. Mipira ya wakati ule ilikuwa ya ngozi, iliyofungwa kwa kamba, ikinyonya maji mvua inaponyesha na kuwa mizito. Kuituliza kwenye kiwanja chenye mabonde kulitaka mguu wenye subira ya fundi. Alianzia Maragoli United, akavuma Abaluhya, klabu ambayo leo ni AFC Leopards, akaichezea Kenya katika Kombe la Gossage, na mwaka 2002 akawa kocha wa timu ya taifa, Harambee Stars. Baada ya kustaafu aliendesha teksi Nairobi. Kwa maoni yangu nchi ilimdai makubwa na kumlipa madogo.

Mbotela naye alifariki tarehe 7 Februari 2025. Waliobaki ni wasikilizaji. Wazee waliokulia kwenye redio ile wakikumbuka mpira, hata leo, sentensi yao ya kwanza ni ileile ya Mbotela, na huitamka kwa mwendo wake: polepole, kila rudio likiwa juu ya lililotangulia.

Makocha wa vijana, nawaomba jambo moja. Mtoto akisimama na mpira pembeni mwa uwanja huku beki akimjia, msimpigie kelele aachie. Mwacheni angoje. Huenda anayatazama magoti.