Ubapa wa Msumeno wa Mkono

Aghalabu mtu ashikapo msumeno wa seremala huyatazama meno kwanza, na kwa kuwa meno ndiyo yaumayo ubao, hudhani ya kuwa ustadi wote wa aliyeutengeneza umekaa hapo. Nadhari yangu ni nyingine. Meno ni kazi ya tupa, na tupa imo mkononi mwa kila seremala. Bali ubapa uyabebao meno hayo ni kazi ya nyundo na jiwe, na katika mji wa Sheffield, Uingereza, ulioshika sifa ya misumeno katika karne ya 18 na ya 19, ndiyo kazi iliyomtenga mfuaji hodari na mfuaji wa kawaida.

Asili yake ni feleji. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, fundi wa saa aliyetaka chuma bora cha kamani, aliiyeyusha feleji ya zamani zake, iliyokuwa ngumu mahali na laini mahali, ndani ya vyungu vya udongo vilivyozungukwa na moto mkali wa koki, hata ikapata tabia moja pande zote. Bamba la msumeno lililotokana na feleji hiyo, likiisha kupigwa meno, lilitiwa moto likawa jekundu, likatumbukizwa katika mafuta likawa gumu, kisha likapashwa tena kwa kadiri ili ugumu ule upungue, liweze kupindwa bila kuvunjika na tupa iweze kuyala meno yake.

Lakini bamba litokalo katika mafuta halikosi kujikunja, na hapo ndipo mfuaji alipolitandika juu ya fuawe pana, akaanza kulipiga pigo baada ya pigo, huku akiliinua kila mara na kulipinda kidogo mbele ya dirisha aone jinsi nuru inavyoteleza juu yake. Nyundo yake ilikuwa na matilaba mawili: kulinyosha bamba, jambo ambalo kila mtu alielewa, na kulitia mvutano, jambo ambalo wachache waliliweza. Pigo liangukapo katikati ya bamba hukitanua chuma cha mahali pale kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na kingo zikabaki zimevutika mithili ya ngozi ya ngoma iliyowambwa. Ubapa wa namna hiyo husukumwa ndani ya mbao nene usiyumbe, ijapokuwa ni mwembamba. Akipunguza mapigo, ubapa hulegea. Akizidisha, hubenuka tumbo, na kazi yote huanza upya.

Baada ya nyundo lilifuata jiwe kubwa la kusagia, na hapa pana hekima ambayo mnunuzi hupita bila kuijua. Meno ya msumeno hupindwa moja kulia na moja kushoto, ili njia inayokatwa iwe pana kuliko ubapa, nao usigande ndani ya mti. Ikiwa ubapa una unene mmoja kila mahali, sharti meno yapindwe sana, na kila unywele wa upana unaozidi ni mbao inayogeuzwa unga na jasho la bure. Basi msagaji aliuacha ukingo wa meno na unene wake, unaokaribia milimita 1, mmoja kutoka mwanzo hata mwisho, akaupunguza mgongo, na akazidi kuupunguza kadiri alivyokaribia ncha. Hivyo meno yaliyopindwa kidogo tu yalitosha. Lakini kusaga hulegeza mvutano, na kwa hiyo bamba lilirudi tena kwenye fuawe. Wembamba huo ulikuwa na thamani chungu: vumbi la mawe liliharibu mapafu ya wasagaji, wengi wakafa vijana, na jiwe lililopasuka likizunguka liliweza kumwua mtu papo hapo.

Elimu hiyo ilivuka bahari. Henry Disston, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1819, alianza kazi yake Philadelphia, Marekani, mwaka 1840, na kiwanda chake kikakua hata mashine zikashika sehemu kubwa ya kazi. Walakini nyundo ya kunyoshea ubapa ilibaki mikononi mwa watu.

Mpini nao, ambao mara nyingi ulichongwa kwa mti wa mtufaha, una siri moja: nafasi yake ni ya vidole vitatu, na cha shahada hunyoshwa ubavuni kuuonyesha msumeno njia.

Anunuaye msumeno mkongwe, basi, asikatae kwa sababu ya meno butu, maana tupa itayarudisha. Aupinde ubapa kama upinde, auachie, kisha aweke jicho kwenye mgongo autazame kwa urefu. Ukirudi ukanyoka kabisa, aununue hata ukiwa na kutu; ukibaki na kombo, auache, kwa kuwa wa kuunyosha ni nadra kupatikana siku hizi.