Uzi wa Kwanza

Kiti cha enzi ukikikuta Lamu leo, mara nyingi utakikuta hakina uzi wake. Mpingo upo, mweusi na mzito. Njumu za pembe zipo, pengine zimedondoka mbili tatu. Ila kwenye kiegemeo na kikalio, pale palipokuwa na uzi, pamepigwa ubao, au pamewambwa upya kwa kamba ya nailoni, au pako wazi tu.

Kwa hiyo nilinyamaza siku ile, katika nyumba moja ya Mkomani, bibi mwenye nyumba alipokifunua chake nikaona uzi wake ungalipo.

“Tazama, mwanangu, ila usikikalie.”

Nilimwomba ruhusa nikapiga magoti, maana ukweli wa kiti uko uvunguni. Juu, uzi ulikuwa umeiva rangi ya chai. Chini, jua lisikofika, ulikuwa bado mweupe. Uzi uliosokotwa kwa mkono hauna unene mmoja, hapa umejaa, pale umekonda, na huu ulikuwa hivyo kiegemeo kizima. Tena, kila kitundu kilikuwa na mfereji mdogo mdomoni, na uzi umelala ndani yake kama kamba ya ndoo kwenye ukingo wa kisima. Uzi mgeni haulali hivyo. Tundu la msumari sikuliona hata moja.

Watu husifu mpingo na pembe, nami nazisifu, lakini moyo wangu uko kwa aliyewamba. Mwenye kuwamba kitanda huvuta kamba kwa mwili mzima, na ikilegea ataikaza mwakani. Kamba ya kitanda ni ya kulegea na kukazwa. Kiti cha enzi ni kazi nyingine. Nyuso zake za uzi ni ndogo, kila moja ndani ya fremu yake, na vitundu vimepangwa ukingoni karibu karibu. Uzi unakwenda wima, unarudi mlalo, kisha unakatiza mshazari mpaka macho yatokee. Ukiuvuta mmoja kupita kiasi, macho ya jirani yanapinda. Na mpingo ni mgumu: mdomo wa kitundu usipolainishwa, utaukata uzi polepole. Mafundi wa Lamu, na wa Siyu kule kisiwani Pate, mji uliosifika karne ya 19 kwa kazi za mbao, ngozi na chuma, walifanya haya wakijua kwamba mpingo utaishi na uzi utatangulia kufa.

Huu haukufa, na naamini heshima ndiyo iliyouponya. Kiti hiki kiliwekewa mgeni mkubwa. Wenyewe walikaa mkekani au kitandani. Siku nyingi kilisimama kitupu, na uzi ukapumzika.

Nikapitisha kidole pembeni, kushoto, bila kubonyeza. Kulikuwa na fundo dogo, uzi wake mweusi kidogo kuliko wenzake. Mtu aliona uzi umekatika, akaunga palepale, akauacha uliobaki kama ulivyo.

“Hilo la babu yangu,” bibi akasema, “alilifunga mimi nikiwa mtoto, akanifukuza nisiliguse.”

Nikaondoa kidole. Akakifunika.